David Sheldrick: Mlinzi wa Tsavo na Miti Iliyoanguka

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu mlezi wa chama chetu alituagiza sisi wa Kidato cha Tatu kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani. Wenzangu walikimbilia majina makubwa: Mekatilili wa Menza, Tom Mboya, Shaaban Robert. Mimi nilipotaja David Sheldrick, darasa zima liliangua kicheko. Mmoja aliuliza kama huyo ni mchezaji wa kandanda wa Uingereza. Mwingine akasema ati nimekosa Waafrika wa kuandika. Sikuwajibu siku hiyo. Leo nawajibu.

Sisi twakaa katika kijiji kilicho chini ya mlima Sagalla, karibu na Voi. Ukisimama nyuma ya jikoni kwa Nyanya asubuhi na mapema, waiona mbuga ya Tsavo Mashariki imetandaa hadi macho yachoke. Kwa mgeni hiyo ni picha nzuri ya kalenda. Kwetu ni jirani, na si kila siku jirani huyo hubisha hodi.

Mwaka juzi mahindi ya Nyanya yalikuwa yamefika kifuani pangu. Kando yake kulikuwa na kunde na pojo. Nyanya alikuwa ameshahesabu magunia kabla ya kuvuna: haya ya kula, haya ya kuuza, na pesa za haya ni karo ya mjukuu wangu. Basi usiku mmoja wa manane mbwa walibweka kwa sauti ya kuogopa. Tulisikia mahindi yakivunjika kra! kra! kama kuni kavu. Baba na majirani walipiga masufuria na kuwasha mienge, lakini ilikuwa kazi bure. Ndovu sita walikula walichotaka, wakakanyaga walichokiacha, wakaondoka polepole bila haraka. Kulipopambazuka shamba lilikuwa kama limepitiwa na tingatinga. Nyanya alisimama katikati mikono kichwani, asiseme neno. Tulijaza fomu za fidia, tukapiga picha, tukapeleka kwenye ofisi husika. Hadi leo tunaambiwa tungoje.

Jioni ile nilimwambia Babu kwa hasira kuwa afadhali serikali iwamalize ndovu wote tupumue. Babu alinitazama kwa muda. Kisha akaniambia kwamba yeye aliwaona ndovu wakifa kwa maelfu bila ya kupigwa hata risasi moja, na kwamba kulikuwa na mzungu mmoja ambaye alishauriwa awapunguze mapema, akakataa. Akasema nikitaka kuelewa neno lile nisianze na ndovu, nianze na miti. Hapo ndipo nilipolisikia jina la David Sheldrick, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuata kama mwindaji anavyofuata nyayo.

David Leslie William Sheldrick alizaliwa mwaka wa 1919 mjini Alexandria, nchini Misri. Alikuwa mtoto mdogo wazazi wake walipohamia Kenya, ambapo baba yake alilima kahawa. Alipelekwa Uingereza kusoma, kisha akarejea. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka alijiunga na jeshi la King's African Rifles, yaani KAR, ambalo babu zetu wengi pia walilitumikia. Alipigana Uhabeshi na Burma, akapanda cheo hadi kuwa Meja. Baada ya vita alipata kazi ya kuwaongoza matajiri wa ng'ambo waliokuja kuwinda. Naam, msomaji, usishangae. Mlinzi wa wanyama alianza kama mwindaji.

Mnamo Aprili 1948 serikali ya mkoloni ilitangaza mbuga ya taifa ya Tsavo. Ukubwa wake unapita kilomita za mraba 20,000, ukijumlisha Mashariki na Magharibi. Walichagua pale si kwa sababu ya uzuri bali kwa sababu ardhi ilikuwa kame, hakuna mlowezi aliyeitamani. Ilikuwa nyika tupu ya miiba, bila barabara, bila nyumba, na maji yalikuwa ya kutafuta. Sheldrick alipewa upande wa Mashariki, akawa mkuu wake wa kwanza, na akakaa katika kazi hiyo zaidi ya miaka 25. Yeye na wafanyakazi wake, ambao wengi walikuwa Waafrika wasioandikwa vitabuni, walikata barabara kwa mapanga na mashoka, wakajenga makao makuu pale Voi. Mnamo 1952 bwawa la Aruba lilijengwa kwenye mto Voi ili wanyama wapate maji.

Wahenga walisema mgala muue na haki yake mpe. Kwa hivyo sitamsifu Sheldrick tu. Kabla ya mbuga kutangazwa, nyika ile ilikuwa nyumbani kwa Waata, ambao vitabu vya zamani viliwaita Waliangulu. Walikuwa wawindaji wa ndovu hodari kupita kiasi, wenye uta mkubwa ambao mtu wa kawaida hawezi kuuvuta, na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti. Uwindaji ulikuwa maisha yao tangu enzi za mababu. Ghafla wakaambiwa kuwa wao ni wezi. Katika miaka ya 1956 na 1957, Sheldrick pamoja na mwenzake Bill Woodley waliongoza msako mkali na wengi wa wawindaji hao walitiwa mbaroni na kufungwa. Ni kweli pembe zilikuwa zikiuzwa kwa wafanyabiashara na ndovu walikuwa wakiuawa kwa wingi. Lakini pia ni kweli kwamba aliyefungwa alikuwa mwenye uta, huku matajiri wenye bunduki wakiendelea kuwinda kwingineko kwa leseni. Baadaye ulianzishwa mradi upande wa Galana ili Waata wawinde kwa kibali, lakini haukudumu. Jambo hili linaniuma, na nimeona nisilifiche.

Msako ule ulifaulu, na kufaulu kwake ndiko kulikoleta mtihani mpya. Ndovu sasa walikuwa salama ndani ya mbuga. Nje, mashamba na makazi yaliongezeka, na wale waliokuwa wakizurura huko wakakimbilia ndani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, ndovu wa Tsavo na maeneo yaliyoizunguka walikadiriwa kufika 35,000 na zaidi. Hebu piga hesabu kidogo. Ndovu mzima anaweza kula kilo 150 za majani, magome na matawi kwa siku moja. Sasa zidisha!

Sasa tuje kwenye miti kama Babu alivyoniambia. Tsavo ya mwanzo haikuwa na nyasi nyingi. Ilikuwa kichaka kizito cha migunga na miti ya jamii ya manemane, ile yenye magome yanayobambuka na matawi laini, na hapa na pale mibuyu mikubwa iliyosimama kama wazee wa baraza. Mti wa jamii ya manemane hauna mizizi ya kubisha na ndovu. Akiusukuma kwa kipaji unalala. Mbuyu nao, ijapokuwa ni mnene kama nyumba, mti wake ni mwororo na umejaa maji. Wakati wa kiangazi ndovu huuchoma kwa pembe, akang'oa nyuzinyuzi na kuzitafuna apate maji. Kesho anarudi, na kesho kutwa. Shimo linazidi kuwa kubwa hadi siku moja mbuyu wa mamia ya miaka unaanguka kwa kishindo.

Basi mwaka baada ya mwaka kichaka kilifunguka. Kilianzia karibu na mito, maana ndovu hawezi kwenda mbali na maji kiangazini. Kisha kikaendelea kufunguka kwenda nje. Jua lilipofika chini, nyasi ziliota. Nyasi zilipokauka, moto uliingia, na moto ukamaliza miche ambayo ndovu hakuiona. Mahali palipokuwa msitu wa miiba pakawa uwanda.

Wanyama wakabadilika kama wachezaji wanavyobadilishwa uwanjani. Wale wa kula majani ya miti, kama tandala mdogo, swala twiga na kifaru, walikosa chakula na maficho. Vifaru walikuwa wameshaonja shida mapema, kwani katika ukame wa 1960 na 1961 mamia yao walikufa. Wale wa kula nyasi, kama punda milia, nyati na choroa, wakaongezeka.

Lakini kilichonigusa zaidi ni ndege, na sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hili. Chukua mfano wa hondohondo. Ndege huyu hatagi mayai katika kiota cha majani. Hutafuta tundu ndani ya mti mkubwa. Jike huingia, kisha mlango huzibwa kwa udongo na kinyesi hadi ubaki ufa mwembamba tu. Humo hukaa wiki nyingi akilalia mayai, na dume humletea chakula kupitia ule ufa. Haya, mti ule ukiangushwa na ndovu familia hiyo itakwenda wapi? Na si hondohondo peke yake. Kasuku wadogo wa nyika hutaga katika matundu ya mibuyu. Korobindo na jamaa zao wa jamii ya mbayuwayu wapo wanaojenga ndani ya mbuyu ulio wazi katikati. Kwera wakubwa weusi hutundika viota vyao vya miiba kwenye matawi yake hadi mbuyu uonekane umevaa kofia. Kigogota hutafuta wadudu kwenye magogo. Kuzi wa rangi za kung'aa, wale wenye kifua cha dhahabu, hupenda kichaka. Mti mmoja wa namna hiyo ni kama nyumba ya ghorofa jijini, kila chumba kina mpangaji.

Tena kuna wasafiri. Kila mwaka mwisho mwisho, ndege kutoka Ulaya na Asia hupita juu ya Tsavo wakikimbia baridi. Pale Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakiwakamata usiku wa ukungu wanapovutwa na taa za hoteli, wakawavisha pete ndogo mguuni na kuwaachilia. Wameshavisha mamia ya maelfu. Ndege hawa wengi ni wadogo kuliko ngumi ya mtoto. Wanahitaji kichaka cha kujificha na kutafuta wadudu kabla ya kuendelea na safari.

Ila si haki kusema ndovu alifukuza ndege wote. Kumbe uwanda nao una wenyewe! Nyasi zilipotawala, mbuni walipata nafasi ya kukimbia. Ndege karani alitembea kwa maringo akisaka nyoka. Tandawala, kipozamataza na jamaa zao wa nyasi waliongezeka. Yangeyange waliandamana na ndovu wakidaka panzi waliotimuliwa na nyayo. Kinyesi cha ndovu chenyewe ni karamu: kanga na kwale hukipekua kutafuta mbegu na wadudu. Mbegu zilizopita tumboni mwa ndovu huota mbali na mti wa mama. Mahali ndovu anapogaagaa matope hubaki shimo ambalo mvua ikinyesha huwa kidimbwi, na bata na korongo huja. Nilipolielewa hili nilianza kuona kuwa ndovu si mharibifu tu. Yeye ni kama fundi anayebomoa nyumba moja na kujenga nyingine, bila ya kuwauliza wapangaji.

Hapo sasa ndipo Sheldrick alipojikuta kati ya moto na maji. Mwanasayansi mashuhuri, Richard Laws, aliletwa kuongoza utafiti. Mwaka wa 1966 ndovu 300 waliuawa ili wachunguzwe umri na uzazi wao. Baada ya hapo Laws alipendekeza maelfu zaidi wapunguzwe kwa bunduki. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema miti ikiisha ndovu nao wataisha, pamoja na wanyama na ndege wote wanaotegemea kichaka. Kwa maoni yake, afadhali kuua wachache mapema kuliko kungoja wengi wafe vibaya.

Sheldrick mwanzoni mwenyewe alikuwa na wasiwasi juu ya miti. Lakini kadiri alivyoitazama nyika, ndivyo alivyobadilika. Aliamini kuwa Tsavo ina mzunguko wake: kichaka huzaa ndovu, ndovu huzaa uwanda, njaa hupunguza ndovu, kisha kichaka hurudi. Aliona mbuga ni kubwa vya kutosha kuachwa ijitibu. Alihofia pia kwamba wakishaanza kuua hawataweza kuacha, kila miaka michache watalazimika kuua tena, na biashara ya pembe na nyama itaota mizizi ndani ya mbuga. Malumbano yalikuwa makali, na mwaka wa 1968 Laws aliondoka. Kuna wataalamu waliosema kuwa hata kile kichaka kizito kilichopatikana 1948 hakikuwa cha kawaida, kwamba kilishamiri kwa sababu misafara ya pembe ya karne ya 19, iliyopita Taru kwenda Mombasa, ilikuwa imewamaliza ndovu wa nyika. Nikilisoma hilo najiuliza: basi Tsavo ya kweli ni ipi?

Jibu lililetwa na mbingu. Katika miaka ya 1970 na 1971 mvua ilikataa. Babu yangu wakati huo alikuwa kijana, akifanya kibarua cha kufyeka barabara ndani ya mbuga. Anakumbuka kwamba mtu hakuhitaji kuonyeshwa mahali mizoga ilipo, pua ilimwonyesha. Kando ya mto Galana ndovu walisimama ndani ya maji wakiwa mifupa na ngozi. Maji yalikuwepo, msomaji. Hawakufa kwa kiu, walikufa kwa njaa. Kila kilicholiwa karibu na mto kilikuwa kimekwisha, na mama mwenye mtoto hakuweza kutembea hadi majani yalipo na kurudi kunywa. Kwa hivyo waliokufa zaidi walikuwa majike na watoto. Madume, ambao huenda mbali peke yao, wengi waliokoka. Ndovu wapatao 6,000 walikufa, na wapo waliokadiria zaidi. Babu anasema alimwona mama mmoja amekufa na mtoto wake bado anajaribu kumwinua kwa mkonga. Anapofika hapo hunyamaza, hata leo.

Ukimuuliza mtu aliyeona hayo, atakwambia Sheldrick alikosea, risasi ingekuwa na huruma kuliko njaa ile. Mwenyewe Sheldrick hakufurahi. Mtu huyu alikuwa amelea ndovu yatima kwa mikono yake pamoja na mkewe Daphne, ambaye walioana 1960. Walilea Samson na Fatuma, wakamlea Eleanor aliyekuja kuwa kama mama wa yatima wote, na pia kifaru aliyeitwa Rufus. Kumtazama ndovu akifa na usifanye kitu si jambo jepesi kwa mtu wa namna hiyo. Lakini alisisitiza kwamba maumbile yalifanya hesabu ambayo bunduki isingeifanya: yaliwapunguza majike wa kuzaa, hivyo idadi ingekawia kupanda na miti ingepata muda.

Je, ilipata? Hapa lazima niseme ukweli wote. Baada ya ukame ulikuja ujangili wa bunduki. Katika miaka ya 1970 na 1980 ndovu wa Tsavo waliuawa kinyama. Hesabu ya 1988 ilipata chini ya 7,000 katika eneo lote. Vifaru, waliokuwa maelfu, wakabaki wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hivyo hatuwezi kujua kwa yakini kama mzunguko wa Sheldrick ungejizungusha wenyewe, kwani mwanadamu aliingiza mkono. Lakini kuhusu miti hakuna ubishi. Kufikia miaka ya 1990 watafiti walioipima nyika walikuta kichaka kimerudi sehemu nyingi. Miche iliyokuwa imejificha chini ya nyasi iliinuka. Miti ya jamii ya manemane ikaota tena. Na miti iliporudi, wapangaji wenye mabawa nao walirudi.

Sheldrick hakuishi kuyaona hayo. Mwaka wa 1976 idara ya mbuga na ile ya wanyamapori ziliunganishwa, naye akahamishiwa Nairobi kwenye kazi ya mipango. Aliondoka katika nyika aliyoitumikia tangu ilipokuwa haina hata barabara. Mnamo Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Mwezi uliofuata, Juni 1977, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 57. Mwaka huo huo Daphne alianzisha shirika kwa jina la mumewe, ambalo hadi leo hulea ndovu yatima Nairobi na kuwarudisha Tsavo. Daphne naye aliaga dunia mwaka wa 2018.

Muhula uliopita chama cha wanyamapori cha shule yetu kilitupeleka mbugani. Ndiyo, sisi tunaoishi mlangoni ilikuwa mara yetu ya kwanza kuingia! Karibu na Aruba niliona uwanda mweupe, mbuni wawili na tandawala mmoja. Tulipoenda mbele kichaka kilitumeza. Dereva alisimamisha basi, akatuonyesha mti wa kale wenye tundu lililozibwa. Hondohondo dume mwenye mdomo mwekundu alitua, akaingiza kitu katika ufa, akaruka zake. Chini, kwenye kichuguu, nguchiro wadogo walikuwa wakichungulia. Tuliambiwa kuwa katika nyika hii hondohondo na nguchiro hao hutafuta wadudu pamoja: nguchiro hutimua panzi, hondohondo hupiga kelele akiona mwewe. Nilisahau kabisa mahindi ya Nyanya kwa dakika kama tano hivi. Kisha niliuona mbuyu wenye jeraha bichi la pembe, nikakumbuka.

Sasa msomaji, mimi nina maoni gani? Nimelala na kuamka na swali hili. Nadhani Sheldrick alikuwa sahihi kuhusu miti na ndege. Nyika inajua kuanguka na inajua kuinuka, na mwenye haraka hawezi kuielewa. Hata hivyo nyika yake haikuwa na majirani wengi kama leo. Sasa kuna barabara kuu iliyojaa malori, kuna reli mpya iliyoanza kubeba abiria 2017, kuna ua wa umeme, kuna mashamba kama letu. Hesabu ya 2021 ilipata ndovu karibu 15,000 katika eneo la Tsavo. Ukame wa 2022 uliua ndovu 205 nchini Kenya kati ya Februari na Oktoba, na eneo letu lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia. Ndovu wa leo akikosa chakula hangoji kufa mtoni. Anakuja kwa Nyanya. Sheldrick aliyaacha maumbile yaamue, lakini maumbile hayalipi karo. Anayelipa ni mama mkongwe mwenye ekari mbili. Kama sisi wananchi wote tunafurahia ndovu na pesa za watalii, basi si haki mzigo uwe wa mtu mmoja na jibu liwe angoje.

Hapa Sagalla kuna majirani waliofunga mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba yao. Ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye hukimbia, maana ndovu anaogopa nyuki kama mwanafunzi anavyomwogopa mwalimu wa zamu. Nyanya mwanzoni alikataa, akasema yeye hana ugomvi na nyuki. Babu alimkumbusha kwamba nyuki hula maua ya migunga, na migunga ipo kwa sababu kichaka kilirudi. Sasa amekubali. Likizo hii Baba na mimi tutachimba mashimo ya nguzo.

Nikimaliza kuandika haya bado sijui kama ningekuwa Sheldrick ningefanya alivyofanya. Nafikiri ningeogopa. Lakini siku hizi nikisikia mtu akisema ndovu wamalizwe, nauliza kwanza kama ameshamwona hondohondo dume akileta chakula kwenye ufa wa mti. Na nikisikia mtu wa mjini akisema ndovu asiguswe hata kidogo, namwuliza kama amewahi kumwona Nyanya yangu amesimama shambani alfajiri mikono kichwani. Atakayeyaona yote mawili ndiye tutakayeweza kuzungumza naye. Alamsiki.